Kipande Kilichobaki Ruiru

Simiti ya kaburi la mume wangu iligandia ndani ya gunia. Iko mpaka leo nyumbani kwa mama mkwe wangu, huko Theta, kwenye stoo ya mahindi, nyuma ya mlango. Imekuwa jiwe. Kuku wamepata mahali pa kutagia. Mgeni akiingia hapo akauliza hilo gunia ni la nini, mama mkwe humjibu bila hata kugeuka, "Ni la mtoto wangu." Mgeni huacha chai yake ipoe, halafu ananiangalia mimi. Na mimi huwa sina nguvu za kumweleza.

Acha nieleze hapa mara moja, nimalizane nayo.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda chake kilikuwa Thika, kwa mafundi wa jua kali, na cherehani yangu ilikuwa mtaa wa pili, pale ninaposhona sare za shule hadi sasa. Tuliishi Ngoingwa. Ukitembea Ngoingwa kidogo tu utaona mageti yake, maana alikuwa na ua lake la chuma, lenye majani matatu, na jani la katikati limepinda kushoto. Mara ya kwanza lilipinda kwa bahati mbaya. Mwenye geti akalisifu, na mume wangu, badala ya kusema ukweli, akasema ndiyo mtindo mpya, akawa analipinda makusudi maisha yake yote. Nikienda kununua mboga ninapita mageti kadhaa ya namna hiyo. Watu hudhani naumia nikiyaona. Siumii. Huwa naangalia tu kama yameanza kushika kutu.

Ugonjwa ulianza na uvimbe kwenye paja. Alisema ni bomba lilimgonga. Fundi wa vyuma, bana, kila ugonjwa wake ni chuma kilimgonga. Nikamsugua na mafuta moto, nikamfunga kitambaa, akarudi kazini. Uvimbe haukujua kwamba umetibiwa, ukaendelea kukua mpaka suruali ikakataa kupita. Hospitali ya Thika wakautazama, wakatutuma kwingine, na huko kwingine wakatutuma hospitali moja upande wa Ruiru. Hapo ndipo daktari alipotuambia ni kansa, na tena ni aina ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisoma tu vitabuni, hajawahi kuiona kwa mtu.

"Basi itazame vizuri, daktari," mume wangu akasema. "Sitakutoza."

Daktari akacheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya uji. Nakumbuka kifuniko chake kilikuwa kimelegea na nikawa nakikaza, nakilegeza, nakikaza. Ganzi yangu ilianzia hapo. Najua ni hapo kwa sababu nilisubiri moyo ushtuke, haukushtuka. Ulikuwa kama mdomo baada ya kung'olewa jino, unaugusa na unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Kabla ya upasuaji alikuja dada mmoja aliyevaa koti jeupe, kijana, mpole, mwenye kuongea polepole. Akavuta kiti, akakaa. Wengi hawakai. Akatueleza kwamba uvimbe ukitolewa, sehemu yake itapimwa ili wajue dawa ya mgonjwa, na sehemu inayobaki kwa kawaida hutupwa na kuchomwa. Yeye alikuwa anafanya kazi kwenye benki, si ya pesa, ya tishu, yaani vipande vya mwili. Kazi yao ni kuomba hicho kinachobaki, wakihifadhi, halafu wakigawane na watafiti wa mahali pengine. Kwa kansa za kawaida, alisema, hakuna shida, hospitali moja inapata wagonjwa wa kutosha. Lakini aina hii ni adimu. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko nchi nyingine kabisa, na hakuna daktari aliye na vipande vya kutosha kuielewa mpaka watu wachangiane.

"Na nisikudanganye, baba," akasema. "Haitakusaidia wewe."

Nilimpenda kwa hilo. Tulikuwa tumechoka kulishwa maneno matamu.

Mume wangu akajiangalia paja. Lilikuwa limeinua shuka. Akalipiga kofi dogo, vile mtu hupiga kofi ng'ombe mvivu.

"Huyu mgeni amekula kwangu bure muda wote huu," akasema. "Atoke sasa, aende akafanye kazi."

Akatia sahihi akicheka. Yule dada akamuuliza kama kuna kitu anataka, akasema kitu kimoja tu, kwamba kabla ya hicho kipande kutoka Ruiru kwenda kokote, wampigie mke wake wamwambie. "Huyu hapendi vitu viondoke nyumbani bila yeye kujua." Ni kweli, sipendi. Hata sufuria ikienda kwa jirani huwa naifuata.

Wakamtoa uvimbe. Akarudi nyumbani na magongo, akashinda anafundisha vijana kuchomelea akiwa ameketi kwenye kreti ya soda. Halafu ugonjwa ukarudi kwa mapafu. Ulipokuja mara hiyo haukukaa sana. Alikufa asubuhi, wakati watu wa Ngoingwa wanatoka kwenda kazini, na mimi nikasimama kwenye dirisha la wodi nikawaza kwamba sikuwa nimelipa maziwa ya wiki hiyo. Hilo ndilo nililowaza. Sitalipamba.

Tulimzika Theta, kando ya baba yake. Mama mkwe alitaka awekewe blanketi ndani ya jeneza, ati Theta ina baridi mwezi wa saba. Shemeji zangu wakanong'ona, lakini blanketi likawekwa. Mimi nikarudi kwa cherehani. Watu wakawa wanakuja kunipa pole nikiwa napiga mishono ya marinda. Mmoja akaniambia Mungu alimpenda zaidi. Nikasema moyoni, si angempenda kiasi tu. Kwa mdomo nikasema amina, nikakata uzi.

Kwa nyumba ile kaburi halikai udongo mtupu. Udongo ukishatulia linajengewa, linapigwa simiti, wenye uwezo wanaweka vigae. Kwa hivyo wakati ulipofika shemeji zangu wakaleta simiti na mchanga, fundi akaambiwa aje kesho yake, na mimi nikaenda Theta kusaidia kupika. Mchana huo nilikuwa nimeketi uani na mama mkwe tukichambua maharagwe. Hapo simu yangu ikalia.

Sasa, simu yangu spika ya sikio ilikuwa imekufa. Ukitaka kusikia mtu lazima uweke sauti kubwa, kila aliye karibu asikie pamoja nawe. Nilikuwa nimezoea, sikuwa na siri zozote.

Alikuwa yule dada wa Ruiru. Akaniamkia vizuri, akanipa pole, akauliza kama naweza kuongea. Nikasema naweza. Akasema, "Ni kuhusu ile sampuli ya mzee wako. Iko salama. Kuna watafiti nje wanaokusanya ya aina hiyo, na yake itasafiri wiki ijayo pamoja na nyingine. Yeye alikubali, lakini aliomba ujulishwe kwanza. Kama kuna swali, ama kama nyinyi familia hamtaki, tuambie kabla ya hapo. Ikishaondoka hatuwezi kuirudisha."

Nikamshukuru, nikakata simu. Mikono ya mama mkwe ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Sampuli ni nini?"

"Ni kipande, maitu." Humwita hivyo, mama yangu, tangu nilipoolewa.

"Kipande cha nini?"

"Cha ule uvimbe."

"Uvimbe ulikuwa wapi?"

"Kwa paja."

"Paja la nani?"

Nikainamia maharagwe. Akauliza tena, sauti ile ile, "Nimekuuliza, paja la nani?"

"La mtoto wako."

"Haiya," akasema, na akaweka ungo chini. "Kwa hivyo mlinizikisha mtoto nusu."

"Si nusu, maitu. Ni kidogo sana. Kama ukucha."

"Wewe hukumkata hizo kucha akiwa mchanga," akasema. "Mimi nilizikata."

Nisipoeleza kitu kimoja hapa, mtu atadhani mama mkwe wangu ni mkaidi tu. Ni mkaidi, sikatai. Lakini yule mzee wake, baba ya mume wangu, alifanya kazi kiwanda cha mbao Thika akiwa kijana, na msumeno ukamkata vidole viwili. Wenzake wakamkimbiza hospitali. Mama mkwe, aliposikia, hakwenda hospitali kwanza. Alienda kiwandani. Akasimama getini akaitisha vidole vya mume wake. Askari akamcheka. Akasimama. Askari akamfukuza. Akasimama. Mwisho mtu akaenda akavitafuta kwenye vumbi la mbao, akavileta ndani ya karatasi, na yeye akavifunga kwa kitambaa cheupe akavileta Theta, akavizika kwenye mpaka wa shamba. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokufa, mama mkwe aliwaongoza wachimbaji akawaonyesha mahali kwa mguu. "Chimbeni hapa. Vidole vyake vinamngoja." Na ndivyo mzee alivyolala akiwa kamili. Kitovu cha mume wangu nacho kilizikwa hapo, karibu na migomba. Kwa boma lile hakuna mtu analala bila vitu vyake.

Basi fundi alipofika kesho yake na mwiko wake akamkuta mama mkwe ameketi kwenye kiti kando ya kaburi. Akamsalimia vizuri, akampa chai na maandazi, akamwambia arudi kwake. Kazi haipo. Mtoto hajafika kamili.

Shemeji zangu walikuja juu. Mkubwa wao akasema, "Maitu, hicho si mtu, hicho ni ugonjwa! Ni afadhali kikae mbali."

"Ugonjwa ulikula nini ukanenepa?" akauliza. "Ulikula mawe?"

Wakanigeukia mimi. Kila mtu katika ile nyumba aliponigeukia mimi nilihisi kitu cha kwanza baada ya muda mrefu, na kitu chenyewe kilikuwa hasira. Ati niongee naye. Ati mimi ndiye nilikuwa hospitali. Ati nipige simu niwaambie walete hicho kidude yaishe. Ati nisiwapigie, nimdanganye mama kwamba kimepotea. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kunipa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini. Wangeniuliza ningewaambia sitaki kitu. Nilitaka kurudi Thika nikashone kola.

Lakini nilijaribu. Nilikaa naye jikoni nikamweleza kwa lugha ya kazi yangu. Nikamwambia, maitu, mteja akiniletea sare ya shule ya hapa Thika, kitambaa chake kiko kila duka, sihitaji kuuliza. Lakini akiniletea nguo ya kitambaa ambacho sijawahi kuona, nitafanya nini? Nitakata kipande kidogo upande wa ndani nizunguke nacho, nikilinganishe, niwape na mafundi wengine watazame. Bila hicho kipande siwezi kumsaidia, na anayekuja nyuma yake siwezi pia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapuliza moto.

"Mtoto wangu si kitambaa," akasema.

Nikatoka nje kuchota maji.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa, na niliyajua vizuri hata kwa ile ganzi yangu. Nikiwaambia Ruiru watume, mama mkwe hatafunga kaburi la mwanawe, labda mpaka yeye mwenyewe aingie lake. Ni mama mzee, ana presha, halali usiku. Nikiwaambia warudishe, nitakuwa nimefuta kitu kimoja tu ambacho mume wangu alichagua katika ule ugonjwa wote. Mengine yote alifanyiwa. Alidungwa, alipasuliwa, alilazwa, aliambiwa ageuke, aliambiwa asile. Hilo moja alilisema mwenyewe akicheka. Na ilibidi niseme mimi, kabla ya wiki kuisha, na sikuwa nasikia chochote upande wowote. Nilijipima kama mtu anayejipapasa mfukoni akitafuta ufunguo. Hamna.

Mama mkwe akaamua safari. "Nipeleke nikamwone," akasema.

Alivaa kitambaa cheupe cha kichwa, kile cha akina mama wa kanisa, na ndani ya kiondo akaweka kitambaa kingine cheupe, kipya, amekipiga pasi akakikunja. Sikumuuliza ni cha nini. Nilijua ni cha kumbebea mtoto wake nyumbani.

Yule dada alitupokea vizuri. Nilikuwa nimempigia kumwambia tunakuja na kwa nini, na nilikuwa nimejiandaa kwa dharau, maana mama wa Theta akiingia kwa watu wa makoti meupe na kiondo chake huwa anasemeshwa kama mtoto. Hakufanya hivyo. Alimshika mikono yote miwili, akamwita cucu, kama nyanya yake mwenyewe, akatupeleka mpaka kwenye mlango wenye kioo. Ndani kulikuwa na mafriza marefu yaliyosimama, yananguruma. Hatukuruhusiwa kuingia.

"Yuko hapo?" mama mkwe akauliza.

"Sehemu moja iko hapo, cucu. Nyingine iko kwenye nta, haihitaji baridi."

"Hapo ndani kuna baridi?"

"Sana."

"Na amekuwa hapo wakati huu wote." Hakuwa anauliza. Akaweka kiganja juu ya kioo. "Na mimi nikahangaika na blanketi."

Yule dada akaangalia chini. Kisha akatuketisha kwenye chumba kidogo, akaenda, akarudi na kisahani. Juu yake kulikuwa na kipande cha nta, cheupe, kidogo kuliko kiberiti, kimeshikwa na plastiki. Katikati ya nta kulikuwa na doa la rangi ya chai ya maziwa. Hilo doa ndilo alilokuwa amelifuata.

Akamweleza kwamba mimi na yeye tuna haki ya kukataa. Tukikataa, watatukabidhi vyote, cha nta na cha friza, tukazike. Hakuna atakayetulaumu. Tukikubali, vitaondoka na vile vingine.

Mama mkwe alikichukua, akakiweka kiganjani. Akakigeuza. Akakinusa. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

"Hawa wengine," akasema mwisho, "ambao wako na ugonjwa kama wake. Ni akina nani?"

"Siwezi kukwambia, cucu. Hata mimi mwenyewe majina yao siyajui."

"Sikuulizi majina. Nauliza kama wako na mama."

Yule dada akaweka kisahani chini. "Wako nao," akasema. "Wengine wako nao."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Nikafikiri imekwisha, amelegea. Kumbe. Akatoa kile kitambaa kwenye kiondo, akakikunjua juu ya mapaja, akaweka ile nta katikati, akakunja upande huu, akakunja upande ule, taratibu, vile mtu hufunga mtoto mchanga. Akaweka ndani ya kiondo. Akasimama.

"Mwari wakwa, twende nyumbani."

Ndivyo anavyoniita akinipenda, binti yangu. Yule dada akaniangalia mimi. Ilikuwa rahisi sana. Ningesimama tu, tungeondoka, fundi angeitwa, simiti ingechanganywa kabla haijaharibika, shemeji zangu wangeniacha. Nilikuwa hata nimeshika mkoba wangu.

Nikasikia mtu anasema, "Kirudishe, maitu." Alikuwa mimi.

Akageuka.

"Alisema wachukue," nikasema. "Nilikuwa hapo. Hakulazimishwa. Alicheka. Tangu augue alikuwa hajacheka hivyo."

"Wewe ulimpata akiwa mtu mzima," akasema. Sauti haikupanda. "Mimi nilimbeba."

"Najua."

"Hujui."

"Sawa, sijui. Lakini kirudishe."

Bado sikuwa nasikia kitu. Niliogopa ataanguka hapo, au atanipiga, na nilikuwa tayari kupigwa. Badala yake alikaa tena. Akatoa kile kifurushi, akakifungua upande ule, akafungua upande huu. Akampa yule dada ile nta mkononi. Kitambaa akabaki nacho.

"Mkimaliza naye mtanirudishia?"

"Cucu, huenda kisibaki kitu. Kinakatwa vipande vyembamba sana, vinatumika."

"Sikukuuliza kama kitabaki. Nimekuuliza kama mtanirudishia."

Yule dada akavuta pumzi. "Kikibaki, nitakupigia mimi mwenyewe."

"Haya," mama mkwe akasema. "Basi mimi sifungi. Akirudi asikute mlango umefungwa."

Mpaka tukafika Theta hakunisemesha. Wala baada ya hapo. Shemeji zangu nao walininunia, maana sasa walikuwa na kaburi la udongo na mchanga unaoliwa na mvua, na watu wa kanisa wakawa wanauliza kama familia imefilisika. Mkubwa akanipigia akaniambia nimeleta aibu kwa boma lao. Kwa sababu ya ile simu yangu, wateja wote walisikia. Nikamwambia aibu si yangu peke yangu, tugawane, nikakata. Nikarudi kushona. Nilikuwa nikijiuliza kama nilimkosea mama mkwe, jibu halikuja, kwa hivyo nikawa najiuliza tena kesho yake.

Yule dada wa Ruiru alinipigia mara moja tu. Vilifika salama. Vinatumika. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, na hakubuni.

Mvua za masika zilipokuja kaburi likabonyea. Mtu akaja kunitafuta kwenye cherehani akaniambia mama mkwe ananiita, nije na gamubuti. Nikaenda. Nilimkuta shambani, majembe mawili yako chini, moja lake na moja langu, na kwenye kamba ya nguo kile kitambaa cheupe kimefuliwa, kinapepea peke yake. Hakunisalimia. Akaniashiria tu rundo la udongo alilokuwa ameanza kulivuta kutoka kwa migomba.

Tukawa tunajaza. Udongo wa Theta ukilowa unashika jembe, kila mara unasimama kuukwangua. Mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa Thika. Tulifanya kazi mpaka kaburi likaanza kurudisha mgongo wake.

"Wamemaliza naye?" akauliza. Hakuwa ameniangalia.

"Bado, maitu."

"Bado wanamtumia?"

"Bado."

Akakwangua jembe lake kwa mguu. Akafikiri. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mume wangu hasa, sijui kwa nini sikuwa nimewahi kuona alikitoa wapi.

"Haya basi," akasema. "Wacha afanye kazi."

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimemwambia kwamba alicheka, lakini maneno yenyewe, kwamba yule mgeni aende akafanye kazi, sikuwahi kumwambia, wala mtu mwingine yeyote. Nilisimama na jembe mkononi na ile ganzi ikanitoka yote kwa mara moja, kuanzia miguuni, na uchungu uliokuja nyuma yake sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuubeba. Nikalia. Nililia kwa sauti, hapo shambani, mdomo wazi, kamasi zinatoka, mwanamke mzima mwenye gamubuti.

Mama mkwe hakuja kunishika. Aliangalia mawingu.

"Lia, mwari wakwa," akasema. "Lakini usiache jembe. Mvua inakuja."